Taa ya chumba cha tatu

"Samahani, kaka." Kidole cha dada aliyekuwa akinijaribia gemu yangu ya mafumbo bado kilikuwa kimeegemea kishale cha kulia cha kibodi. "Si unajua wahenga walivyosema? Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Basi leo umempata mjinga wako."

Akacheka. Nikacheka naye, kwa kukosa la kusema.

Alikuwa amekaa dakika 41 ndani ya chumba cha 14 cha gemu yangu. Vyumba 13 vya mwanzo alivipita kwa mwendo mzuri, akiwaza kwa sauti kama nilivyomwomba, akigonga meza kila mlango ulipofunguka. Chumba cha 14 kilimnyamazisha. Dakika kumi za mwisho hakuwa akijaribu jambo jipya tena. Alisukuma kasha, likatumbukia shimoni, akairudisha hatua nyuma, akalisukuma tena, kama mtu anayepapasa mfuko ule ule kwa mara ya tano akitafuta ufunguo.

Dada huyu kazi yake ni ukaguzi wa hesabu. Huona tarakimu moja iliyokosewa katika kurasa mia mbili. Kama kulikuwa na mtu wa kuomba radhi pale, tulikuwa wawili tu, na hakuwa yeye.

Nilimshukuru, nikazima kurekodi, nikaandika kwenye daftari: "Ch. 14 kigumu mno? Punguza." Nikaenda zangu kulala.

Ile samahani ikanikaa wiki tatu.

## Kivuli ni daraja

Nieleze gemu yenyewe, maana bila hivyo hamtanielewa. Ni ya vigae, yaani sakafu yake ni miraba, na vitu vilivyo juu yake unavisukuma bila kuvivuta. Wazo hilo si langu. Ni la Hiroyuki Imabayashi, ambaye Sokoban yake, ya mtunza ghala anayepanga makasha, ilitoka Japani mwaka 1982. Sisi wote tuliokuja baadaye tunaishi kwenye ghala lake bila kulipa pango.

Nilichoongeza mimi ni kivuli. Ndani ya gemu kuna kurunzi kubwa, ninaziita taa, na kila moja humulika upande mmoja tu, ule inakotazama. Mwanga ukikuta kitu kilichosimama, kivuli hulala nyuma yake, na kivuli hicho ni kigumu, unakikanyaga na kuvukia shimo. Urefu wake ni sawa na umbali kati ya taa na kitu kinachomulikwa. Taa ikiwa vigae viwili kutoka kwenye kasha, kivuli ni vigae viwili. Ikiwa vitatu, vitatu.

Kwa hiyo ukitaka daraja refu, unalisukuma kasha liende mbali na taa. Vyumba 13 vilifundisha hilo kwa namna mbalimbali.

Chumba cha 14 kiligeuza meza. Shimo lina vigae vinne. Kasha liko ukingoni kabisa, ukiligusa tu linaanguka. Taa iko vigae vitatu nyuma yake. Daraja linapunguka kigae kimoja na kasha haliwezi kwenda kokote.

Jibu ni kusukuma taa irudi nyuma. Taa nayo ni kitu, inasogea. Haikuwahi kuhitajika kusogea, basi hakuna aliyekuwa amewaza kuisogeza, na hapo mchezaji angegundua mwenyewe, bila neno hata moja kwenye skrini, kwamba muda wote alikuwa akisukuma nusu tu ya dunia.

Nilikipenda chumba kile kuliko vyote. Nilikijenga usiku mmoja na nilipomaliza nilizunguka meza mara mbili nikijipongeza.

## Mikono chini ya mapaja

Anayejaribisha gemu yake ana kazi moja ngumu, nayo ni kufunga mdomo. Gemu ikishatoka hutakuwa nyuma ya kiti cha kila mchezaji ukimnong'oneza. Kwa hiyo unakaa pembeni, unaikalia mikono yako isije ikanyoosha kidole, unatazama mtu mwenye akili timamu akipita hatua moja kando ya jibu, anarudi, anapita tena. Ukiulizwa "Hii inasogea?" unajibu "Wewe unaonaje?" na unajichukia.

Mimi kwenye kunyamaza ni hodari. Kilichonishinda ni kutazama.

Nilikuwa nimejaribisha na watu saba. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya kasoro za kitu ulichobuni, nami nikajiona nimezidisha. Kati ya saba, watatu walipita chumba cha 14 na wanne walikwama. Maelezo nilikuwa nayo tayari, kwamba wapo watu wa gemu na wasio wa gemu. Waliopita ni wa kundi la kwanza.

Maelezo hayo yalikuwa matamu. Hayakunidai kitu.

Tatizo ni kwamba dada yule hakukaa vizuri ndani yake. Alikuwa na kasi kuliko wawili kati ya waliopita. Chumba cha 11, ambacho huwatoa watu jasho, alikimaliza huku akinisimulia habari nyingine kabisa. Mtu wa namna hiyo hawi mjinga ghafla anapofika mlango wa 14.

## Sekunde ya tisa

Wiki ya tatu nikafungua rekodi zake. Si ya chumba cha 14, hiyo nilishaichoka. Niliamua kumtazama tangu mwanzo, polepole, bila kalamu.

Chumba cha tatu ndicho taa inapoonekana mara ya kwanza. Ni chumba kidogo, kasha moja, shimo la vigae viwili. Taa nilikuwa nimeiweka kwenye kona ya chini kushoto. Kwa nini kona? Kwa sababu ilipendeza. Mwanga ukitokea konani na kukata chumba kizima kuelekea kulia, picha inatulia machoni. Hakuna sababu nyingine.

Sekunde ya tisa, kabla hajagusa kasha, mhusika wake kwenye skrini anaiendea taa. Sauti yake inasikika wazi: "Na hii je?" Anaisukuma kushoto. Kuna ukuta. Inagoma. Anazunguka, anaisukuma chini. Kuna ukuta. Inagoma.

"Haya. Taa haiendi."

Akageuka, akamaliza chumba kwa sekunde ishirini.

Niliirudisha ile rekodi sijui mara ngapi. *Taa haiendi.* Alilisema kwa sauti, mbele yangu, nami nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake na daftari mkononi. Kwenye daftari, mstari wa chumba cha tatu unasema: "Sek. 29. Safi."

Kumbe mtu alikuwa ameuliza swali la chumba cha 14 akiwa chumba cha tatu, na gemu yangu ikamjibu uongo. Tena alihakiki jibu kwa kujaribu pande mbili, kama mkaguzi wa hesabu anavyofanya. Baada ya hapo, kumtaka aisukume taa ilikuwa sawa na kumtaka aukague upya kila ukuta aliowahi kuugusa.

Nikafungua rekodi za wale wengine sita.

Wote wanne waliokwama waliigusa taa katika chumba cha tatu. Wale watatu waliopita hawakuigusa. Waliona kasha, wakasukuma kasha, wakaenda zao.

Soma tena, maana mimi ilinichukua muda. Waliokwama ndio waliokuwa wadadisi. Gemu ninayoitangaza kuwa ni ya watu wadadisi ilikuwa inawachuja wadadisi na kuwatupa, halafu inawaacha waombe radhi.

## Nilivyokiua chumba

Kurekebisha kulichukua dakika moja. Niliitoa taa konani, nikaiweka kigae kimoja mbele. Anayeisukuma sasa inasogea, anashtuka kidogo, anatabasamu, anaendelea.

Nikatafuta watu wapya. Mtu wa kujaribishia fumbo ni kama njiti ya kiberiti, akishawaka humrudishi kwenye boksi. Nikapata wanne. Chumba cha 14 wote walikipita ndani ya dakika mbili.

Hakuna aliyegonga meza.

Mmoja aliniuliza, kwa heshima zote, "Hiki umekiweka watu wapumzike?"

Hapo ndipo nilipoingiwa na mashaka ya kweli. Kosa la kona lilikuwa aibu, lakini aibu ina dawa. Hili lilikuwa jingine kabisa. Chumba nilichokipenda kuliko vyote, ukiondoa ule uongo wa chumba cha tatu, hakikuwa na kitu ndani. Fahari yangu yote ilikuwa imesimama juu ya jambo moja ambalo mchezaji hakuambiwa.

Nitakiri kwamba nilifikiria kuirudisha taa konani. Siku mbili nzima nilijitetea kwa hoja nzuri. Gemu ngumu zina mashabiki wake. Wale watatu walifurahi sana, niliwaona. Waliokwama watatafuta jibu mtandaoni, nao maisha yataendelea. Nilifikiria pia njia ya kati, kuitoa taa konani lakini niichore kana kwamba imefungwa na misumari sakafuni. Yaani uongo ule ule, safari hii kwa rangi.

Kilichonizuia ni yule dada kutumia neno "fumbo". Tunalitumia kwa kila kitu kinachomkwamisha mtu, lakini lisikilize lenyewe. Kufumba na kufumbua. Macho yaliyofumbwa hayajaondolewa kitu usoni, yapo pale pale, yamefungwa tu, na mwenye kuyafumbua ni mwenyewe. Nyumba yangu haina mlango. Kila anayelisikia hilo analijua yai, amelishika mkononi mara elfu. Anachokosa si habari, ni kugeuza shingo tu. Ndiyo maana jibu likitajwa anacheka, hakasiriki.

Sasa chukua chumba changu cha 14. Jibu lilikuwa "taa inasogea". Ungeweza kumwambia mtu hilo akajibu, "Aa, sikujua." Sikujua! Hilo ndilo jibu la mtu aliyefichwa jambo. Nilikuwa nimetengeneza siri, nikaipa jina la fumbo.

## Waliotangulia walijua

Baada ya hapo nikawa naziangalia gemu ninazozipenda kwa jicho baya, nikitafuta siri ndani yake.

Baba Is You, ya Arvi Teikari wa Ufini, ilianza kama kazi ya mashindano ya siku chache mwaka 2017 ikatoka kamili 2019. Kanuni zake zimeandikwa sakafuni. Kweli kabisa, maneno yenyewe ni vitu unavyovisukuma, na ukivunja sentensi inayosema ukuta huzuia, ukuta unaacha kuzuia. Kila kitu kiko mbele ya macho yako na bado unakaa saa nzima umeshika tama. Nimewahi kukwama humo siku tatu, na nilipofumbua nilijitukana mimi, sikumtukana Teikari.

Portal ya mwaka 2007 ina kisa ninachokirudia kwa kila anayekubali kunisikiliza. Kilikuwepo chumba ambamo unatakiwa ubebe boksi moja mwanzo hadi mwisho, na watu wa kujaribu wakawa wanaliacha njiani. Watengenezaji wanasimulia wenyewe katika maelezo ya sauti yaliyomo ndani ya gemu. Hawakusema wachezaji ni wasahaulifu. Walilichora boksi alama ya moyo, wakalifanya kuwa rafiki yako, na likaishia kuwa kitu maarufu kuliko karibu vyote vilivyomo. Lilizaliwa kutokana na watu kukosea.

Na ugumu, kwa taarifa yako, ni rahisi kuupata. Joseph Culberson, mwanasayansi wa kompyuta, alithibitisha mwaka 1997 kwamba Sokoban, kwa maghala makubwa kiasi chochote, iko kwenye kundi la mafumbo yanayoitoa jasho hata kompyuta. Ongeza makasha, ongeza kuta, ugumu unakuja wenyewe bila kualikwa. Mtu hagongi meza kwa sababu ya ugumu.

## Chumba kisicho na kasha

Nikafuta chumba cha 14.

Nikajiwekea sharti moja. Kila kanuni inayohitajika iwe imeshaonekana, na kila mchezaji awe ameigusa kwa mkono wake. Nikaorodhesha zilizokuwepo. Taa inasogea (chumba cha tatu, sasa). Kivuli kina urefu wa umbali. Taa humulika upande mmoja. Na chochote kilichosimama kwenye mwanga hutoa kivuli. Hiyo ya mwisho watu huigundua chumba cha nane, wanapokatiza mbele ya taa na kuona kivuli chao wenyewe kimelala sakafuni. Wengi husimama pale wakizungukazunguka kama watoto.

Niliitazama orodha ile siku kadhaa. Nikajenga vyumba sita, nikavitupa sita. Cha nne kilikuwa kizuri lakini kilihitaji hatua 60, na hatua 50 kati ya hizo ni upagazi mtupu.

Cha saba nilikijenga kwa kuondoa vitu. Nikaondoa makasha. Yote.

Kilichobaki ni shimo la vigae vinne na taa mbili. Moja inatazama shimo, inamulika utupu. Ya pili inatazama juu, inamulika ukuta, haina faida yoyote.

Nilipokiona hivyo moyo ulinidunda. Taa isiyo na faida ni kitu kilichosimama. Isukume hadi ukingoni, ipange kwenye mstari na mwenzake, vigae vinne mbele yake, na taa inamulikwa na taa, na kivuli cha taa kinalala juu ya shimo lote.

Mchezaji hafichwi chochote. Ila neno "taa" kichwani mwake maana yake ni kinachotoa mwanga, na hapa linatakiwa limaanishe kinachozuia.

Bado sikujiamini. Mara ya kwanza nilizunguka meza nikijipongeza na mnajua ilikoishia. Safari hii niliwakalisha watu watatu wapya na kazi yangu ilikuwa kusikiliza, si kuhesabu sekunde. Wote watatu waliingia chumbani wakasema neno moja: "Kasha liko wapi?" Mmoja aliamini gemu imeharibika. Mmoja alijaribu kujitolea mwili wake, akasimama ukingoni, kivuli chake kikalala juu ya shimo mbele yake, akapiga hatua moja akaanguka, maana aliyesimama pale ndiye aliyeondoka. Akacheka kwa sauti. Nikaandika hilo. Ni kosa zuri, linakaribia jibu kuliko anavyojua, na limo kwenye gemu mpaka sasa pamoja na mlio wake wa kuanguka nilioubadilisha uwe wa huruma zaidi.

Mmoja kati yao hakupata. Alikaa dakika 30 akasema anataka kulala nalo. Nilimwangalia usoni nikitafuta ile samahani. Haikuwepo. Alikuwa amekasirika, na amekasirikia ile taa ya pili, anaisonta kidole: "Wewe una kazi gani humu?"

Nilikalia mikono.

## Alirudi

Wiki iliyopita nilimpigia dada yule. Nilimweleza habari ya kona, sekunde ya tisa, ukuta wa kushoto na ukuta wa chini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo nilikuuliza na ukanidanganya." Ndivyo, nikamwambia. "Na ukaniacha niondoke najiita mjinga." Ndivyo, dada yangu.

Akasema anakuja.

Chumba cha 14 kwake kilikuwa kipya, kiberiti bado kina njiti moja. Aliuliza kasha liko wapi. Alijaribu pande zote za shimo. Aliisukuma taa ya kwanza huku na huku, na nilimwona anaisukuma bila hofu, akajitolea mwili akaanguka mara mbili. Dakika ya 19 aliondoa mikono kwenye kibodi akajikunja kwenye kiti. Dakika ya 22 bado hajagusa kitu. Mimi hapo napumua kwa kuiba.

Kisha akasogea mbele taratibu, akaanza kuisukuma ile taa isiyo na faida. Kigae kimoja. Kingine. Hakuwa anajaribu tena, alikuwa anapeleka. Kabla hata kivuli hakijalala alishaanza kutikisa kichwa.

"Una roho mbaya wewe," akasema. "Una roho mbaya sana."

Akagonga meza.

Mlango ukafunguka, skrini ikawa nyeusi. Akaniuliza chumba cha 15 kiko wapi. Nikamwambia bado sijakijenga.